Kompyuta ya gemu kwa hela ya mawazo, Arusha na Moshi

Kabla hujauliza GPU (kadi ya michoro) bei gani, amua kwanza nini kitabaki ndani ya mashine miaka mitano ijayo. Kwenye kompyuta ya gemu ya bei nafuu wenyeji ni watatu: pawa saplai (kigawa umeme), bodi mama na keisi. Waliobaki ni wapangaji. RAM (kumbukumbu ya kazi) itaongezwa, SSD (diski ya kuhifadhia) itapata mwenzake, prosesa itabadilishwa mara moja, na GPU pengine mara mbili. Mjini watu wengi huanza kinyume. Mtu anamaliza hela kwenye keisi ya kioo yenye feni sita za taa, anachukua GPU aliyoisikia kijiweni, halafu chenji ndiyo inayonunua pawa saplai na bodi. Siku akitaka kupandisha GPU, anakuta inabidi abadilishe nusu ya mashine.

Bajeti yako, ukiacha monita, igawe mafungu kumi. Manne yaende kwenye GPU, moja na nusu prosesa, moja na nusu bodi, moja RAM, moja pawa saplai, nusu SSD na nusu keisi. Huo ni mwanzo wa hesabu tu, maana bei hazitulii. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda vibaya dunia nzima, kwa kuwa viwanda vya chipu vinahudumia vituo vya data vya akili mnemba. Fungu la RAM likizidi, punguza kwenye GPU. La pawa saplai usiliguse.

Pawa saplai: soma kibandiko, achana na boksi

Igeuze ubavu utafute jedwali lililobandikwa. Kwenye mstari wa +12V kuna namba ya ampea, na hiyo ndiyo yenye ukweli, kwa sababu prosesa na GPU hula karibu umeme wao wote hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa, ila kwenye +12V ina 18A tu, inatoa wati 216 zenye maana. Nyingine ya 550W yenye 45A inatoa 540. Zote mbili zinaweza kukaa rafu moja, na ya kwanza ndiyo mara nyingi hutolewa bure na keisi.

Sasa pima na mashine yenyewe. Ryzen 5 5600 hula hadi wati 76 ikibanwa. RX 6600 hula 132. Bodi, RAM, SSD na feni uziwekee 50. Jumla ni kama 260. Kwa nini basi 550W, si 350W? Kwa sababu baada ya miaka miwili utataka GPU ya wati 160 hadi 200, na GPU huruka juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Pawa saplai isiyo na nafasi hujizima katikati ya gemu. Mtu akiona hivyo hulaumu GPU, akaiuza kwa hasara, kumbe mgonjwa ni mwingine.

Angalia na waya. Unahitaji wa pini 24 wa bodi, wa pini 4+4 wa prosesa, na walau mmoja wa 6+2 wa GPU. Wa prosesa na wa GPU vichwa vyao vinafanana lakini si kitu kimoja, na kulazimisha kimoja kwenye tundu la mwenzake ni kutafuta moshi. Muuzaji akikwambia waya wa GPU haupo ila ana kiunganishi cha kutoka molex (kichwa cha zamani cha pini 4), shukuru uondoke. Alama ya 80 Plus nayo hupima ufanisi wa kugeuza umeme. Usalama si kazi yake.

Pawa saplai ya waya zinazochomoka ukiinunua mtumba, hakikisha waya ni zake mwenyewe. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, hata kama kichwa kinaingia vizuri. Ukiazima waya wa jirani unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na SSD ikafa ndani ya sekunde moja.

Umeme wa ukutani

Umeme unapokatika haudhuru sana kama unaporudi. Ukikatika, zima swichi ya ukutani, subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uwashe. Kilinda friji chenye kuchelewesha umeme kinaweza kukufanyia kazi hiyo mradi ampea zake zitoshe. UPS (betri ya akiba) ya 650VA hutoa kama wati 360 hadi 390. Inatosha kuokoa kazi na kuzima mashine kwa ustaarabu, haikusudiwi kumalizia mechi. Baadhi ya UPS za bei rahisi hutoa wimbi lenye pembe badala ya mviringo, na pawa saplai nzuri nyingine hulikataa na kuzima palepale UPS inapopokea kazi. Kwa hiyo ijaribu ukiwa bado na haki ya kurudisha.

Halafu kuna ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukigusa bati la keisi ukahisi kama mchwa wanatembea kidoleni, nyumba haina ethi inayofanya kazi, au umetumia adapta iliyoacha pini ya tatu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka uchafu wa umeme kwenye ethi, na ethi isipokuwepo, bati lenyewe linaelea na volti. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini mwite fundi umeme wa nyumba kabla ya kuchomeka waya wa HDMI mashine ikiwa imewashwa.

Soketi: hapa ndipo kesho yako inapoamuliwa

Kwa hela ndogo kuna njia tatu za maana.

AM4 ni soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ya AMD iliyoanza 2016 na inatumia RAM za DDR4. Imefika mwisho wa safari, prosesa mpya kabisa hazitegemewi. Lakini ukianza na Ryzen 5 5600, juu yako bado zipo 5700X, 5800X na zile za X3D zenye kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96. X3D haziokotwi kirahisi siku hizi, hivyo usipange maisha kwa ajili yake. RAM za DDR4 za mtumba zipo, bodi zipo, na mafundi wanaijua. Kwa mtu wa kawaida wa Sakina (Arusha) au Pasua (Moshi) anayetaka picha ya 1080p (Full HD), hii ndiyo njia yenye akili.

AM5 ilitoka 2022, inakubali DDR5 pekee, na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Yenye nafasi ya kukua kweli ni hii. Lakini bodi yake na DDR5 hula pesa ambayo ingekupa GPU ya daraja la juu zaidi. Ichukue kama bajeti inabeba bodi ya B650 na RAM GB 32 bila kushusha GPU.

LGA1700 ya Intel inabeba kizazi cha 12, 13 na 14. Core i5-12400F ni mashine nzuri ya gemu na mara nyingi bei yake inavutia. Kuna bodi za DDR4 na za DDR5 zenye majina karibu sawa, kwa hiyo soma jina lote hadi mwisho. Intel ilihamia LGA1851 mwaka 2024, hivyo nayo haina kizazi kipya mbele.

Herufi za mwisho usizipuuze. F ya Intel maana yake haina michoro ya ndani, na bila GPU utatazama skrini nyeusi. Ryzen 5 5600 nayo haina. 5600G inayo, na ndiyo mlango wa mtu asiye na hela ya GPU leo. Utacheza Valorant, CS2 na eFootball kwa mipangilio ya chini huku ukikusanya. Gharama yake huonekana baadaye: ina kache MB 16 badala ya 32 na inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya bodi, GPU na SSD). 5500 ina ulemavu uleule halafu haina hata michoro ya ndani, kwa hiyo ukiletewa kama ni sawa na 5600, si sawa.

Bodi mama

Kwa AM4 tafuta B550. Inapeleka PCIe 4.0 kwa GPU na kwa SSD ya kwanza, wakati A520 na B450 zinaishia 3.0. Tofauti hiyo huuma zaidi GPU zenye njia chache. RX 6500 XT ina njia nne tu, na kwenye 3.0 inapoteza nguvu waziwazi. RX 6600 ina nane, hasara yake ni ndogo.

Hesabu nafasi za RAM. Bodi yenye nafasi mbili ukiijaza vijiti viwili vya GB 8, siku ya kuongeza itabidi uviuze vyote. Kwenye bodi ya nafasi nne unaongeza viwili tu. Ukibanwa na nafasi mbili, na GPU unayo, heri kijiti kimoja cha GB 16 leo na mwenzake wa aina ileile baadaye. Utapoteza fremu kidogo kwa muda, kwa sababu kijiti kimoja hutumia njia moja ya kumbukumbu badala ya mbili. Mwenye 5600G asifanye hivyo hata kidogo: michoro yake inakula RAM hiyohiyo, na kwa kijiti kimoja gemu zitakwama.

Uliza pia toleo la BIOS (programu ya kuamshia bodi). Bodi za B450 na B550 za mwanzo haziitambui Ryzen 5000 hadi zisasishwe, kama ambavyo bodi za B660 za mwanzo haziitambui Intel kizazi cha 13. Dalili ni feni kuzunguka bila picha. Bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa inakuokoa hapo. Kazi hiyo ifanyie kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi hugeuka kipande cha plastiki mpaka fundi aichomoe chipu na kuiandika upya.

Kwenye bodi ya mtumba mulika tochi. LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye soketi, na moja iliyolala huonekana kwa kung'aa tofauti na wenzake. AM4 pini ziko chini ya prosesa. Ukitoa kipoza kwenye AM4, washa mashine dakika kumi kwanza ili girisi ilainike, izime, chomoa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta wima kwa nguvu, prosesa hutoka nacho na pini zinapinda.

GPU

Kwa 1080p, GB 8 ndiyo iwe sakafu. GB 4 bado zinatosha kwa Valorant na eFootball, lakini gemu mpya kubwa zitakukatalia. RX 6600 ni chaguo tulivu: wati 132, kichwa kimoja cha pini 8, na mtumba wake haujachoka sana. RTX 3060 ya GB 12 inafaa mtu anayehariri video pia. Pawa saplai yako ikiwa haina waya wa GPU, RTX 3050 ya GB 6 hula wati 70 na hujilisha kwenye bodi yenyewe. Siku ya kupandisha, RX 9060 XT ya GB 16 hula wati 160, na ile 550W uliyonunua mwanzo itaibeba.

Feki zipo za aina mbili. Ya kwanza ni kadi kuukuu iliyoandikwa BIOS ya kadi nyingine, ikajiita GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huziumbua nyingi kwa kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ya pili siyo feki kamili: RX 580 ya 2048SP. RX 580 yenyewe ina vitengo 2304. Hiyo nyingine ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Kama bei ni ya RX 570, hakuna ubaya.

Unapoenda kujaribu mtumba nenda na fleshi yenye GPU-Z na FurMark (programu ya kuichosha GPU). Omba iwekwe kwenye mashine pale dukani, endesha FurMark dakika 15, na tazama joto. Likipanda likasimama kwenye nyuzi 75 au 80 ni sawa. Likiendelea kupanda mpaka kadi ijipunguze kasi, girisi imekauka. Madoadoa ya rangi au miraba inayomemeteka ni kumbukumbu inayokufa, na hakuna fundi wa bei rahisi wa kuitibu. Angalia skrubu za nyuma kama zimechubuka, sikiliza feni, chungulia kutu kwenye bati la mlango wa HDMI. Iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima uikimbie, mradi ipite dakika hizo 15 na bei ishuke.

RAM na SSD kwa haraka

DDR4 chukua 3200. Ukishafunga, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), vinginevyo itatembea 2133 au 2400 na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia. SSD iwe NVMe (aina ya kasi). Nafasi ya M.2 hupokea na zile za SATA, za polepole zaidi, zenye umbo lilelile, kwa hiyo soma kibandiko: SSD yenye mikato miwili karibu kila mara ni SATA. TB 1 ndiyo saizi ya busara, kwa sababu gemu kubwa moja inavuka GB 100, na kuifuta ili kupisha nyingine ni kuipakua tena kwa kifurushi chako. SSD ya TB 2 kwa bei ya kutupa, ya jina usilowahi kulisikia, ijaze data yote kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini.

Kompyuta ya ofisi ya mtumba

Wengi huanza na OptiPlex, EliteDesk au ThinkCentre iliyotoka Ulaya au Dubai. Ni bei nzuri na imara, lakini jua unachonunua: pawa saplai ni ya umbo lake yenyewe, ya wati 180 hadi 300, na bodi yake mara nyingi haihamishiki kwenye keisi nyingine. Chagua mnara mkubwa, kwa sababu zile nyembamba zinataka GPU fupi za kimo cha nusu. Chukua kizazi cha 8 kwenda juu, kama i5-8500, kwa kuwa Windows 11 haikubali za chini rasmi, Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za mashine). Weka RTX 3050 ya GB 6 uishie hapo. Siku ya kuhama utaondoka na GPU, SSD na RAM za DDR4, na vilivyobaki utaviuza vilivyo.

Pa kununulia

Maduka ya katikati ya Arusha na Moshi yana RAM, SSD, monita na mashine za ofisi za kutosha. B550 au GPU ya maana mara nyingi huagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Pawa saplai na bodi ni bora uzinunue karibu na nyumbani, kwa sababu ndizo zinazorudishwa sana, na nauli ya mzigo kwenda Dar na kurudi hula punguzo lote. Kifaa kinachokuja na basi kipigwe video kikifanya kazi, namba yake ya utambulisho (serial) ikionekana, kabla hakijafungwa boksi. Prosesa iagize na boksi lake kama inawezekana: 5600 ya boksi huja na kipoza, isiyo na boksi haina, na bei ya kipoza hurudisha ile nafuu.

Nairobi inavutia, Namanga ikiwa kilomita 110 tu kutoka Arusha, na wa Moshi wana Holili. Kumbuka GPU haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupita Kenya. VAT ya 18% huhesabiwa mpakani, na waranti ya huko inadai uvuke tena. Dai risiti ya EFD kila unaponunua, na ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi yake hufifia kabla waranti haijaisha.

Keisi, vumbi na kufunga

Keisi iwe na wavu mbele, feni mbili mbele zikiingiza na moja nyuma ikitoa. Pima urefu wa GPU kwa milimita kabla ya kulipa. Hewa ya Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani sehemu moja ya nane, lakini baridi ya mji inafidia. Moshi iko chini na joto la Januari hadi Machi halina huruma, kwa hiyo usiibane mashine ndani ya kabati la TV. Wakati wa kiangazi safisha kichujio kila wiki mbili. Ukipuliza kwa bloa, shika feni kwa kidole zisizunguke.

Wakati wa kufunga, hakikisha vile vijiguu vya shaba chini ya bodi viko penye matundu ya bodi tu. Kimoja kilichozidi hugusa nyuma ya bodi na kupiga shoti. Washa kwanza nje ya keisi, juu ya boksi la bodi, ukiwa na prosesa, kipoza, kijiti kimoja cha RAM na GPU. Isipotoa picha, chunguza kwa mpangilio huu: waya wa prosesa wa 4+4, RAM kusukumwa mpaka ibonyee pande zote, waya wa GPU, kisha monita.

Na monita yenyewe: waya wake uchomeke kwenye GPU, usichomeke kwenye bodi. GPU mpya hazina VGA, na monita nyingi za mtumba zina VGA pekee, hivyo nunua yenye HDMI au DisplayPort kabisa. Ukipata ya 144Hz (picha 144 kwa sekunde), fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows ubadilishe mwenyewe, kwa sababu mara nyingi huiacha kwenye 60.